Mimi Nina Ufunguo

"Wewe nani?" fundi aliiuliza chipu kwa mara nyingine, na kwa mara nyingine chipu ikamnyamazia.

Swali lenyewe lilipitia kwenye kompyuta, lakini midomo ya fundi nayo ilicheza, maana alikuwa na mazoea ya kusema na vifaa kama asemavyo na watu wakaidi. Ndani ya kisanduku kilichokuwa mezani pake mlikuwa na chipu mbili tu za maana: kubwa inayofikiri, na ndogo inayokumbuka. Kubwa ikitaka kitu huiita ndogo, ndogo hujitambulisha, kisha hutoa kilichohifadhiwa. Sasa kubwa inaita weee, ndogo imejifanya haisikii.

"Haya, nuna," fundi akaiambia. "Mimi sina pa kwenda."

Ukweli ni kwamba alitaka sana ijibu. Aliyeleta kisanduku asubuhi ile alikuwa mama mtu mzima, koti lake limefungwa vifungo vyote, na alikiweka mezani kwa mikono miwili kama anayelaza mtoto.

"Mwanangu ndiye aliyekitengeneza," alisema. "Alikuwa anaingia kazini zamu ya usiku, akaona nitakuwa namsubiri macho. Basi akajirekodi humo. Kila jioni kinaniambia nimeze dawa, nifunge mlango, nilale, yeye ana ufunguo."

"Na yeye kimemshinda, mama?" fundi alitania. "Au ndivyo anavyotuletea wateja sisi mafundi?"

"Alipata ajali akirudi kutoka kazini." Mama alikigusa kisanduku. "Hayo maneno ndiyo yaliyonibakia, baba. Tangu kiliponyamaza, silali."

Fundi aliona aibu hadi masikioni. Akamwahidi kwamba jioni atakikuta kizima, ahadi ambayo fundi mwenye akili hatoi kabla hajafungua kifuniko.

Alipima umeme, ulikuwa unafika. Alipunguza kasi ili chipu zizungumze polepole, zikashindwa hata polepole. Alibadilisha waya zake ndefu akaweka fupi. Wapi! Mwisho akashika kioo cha kukuzia na kuinama hadi pua ikakaribia kugusa bodi, ndipo alipouona mguu mmoja wa chipu ndogo, ule unaoijulisha kwamba inayoitwa ni yenyewe. Ulikuwa umeachia. Lehemu yake ilirundikwa ovyo, kazi ya mtu mwenye haraka ambaye mkono ulikuwa unamtetemeka.

"Ndiyo kujifunza, kijana," fundi akamwambia kwa upole yule mwana aliyekitengeneza, akaipasha moto na kuilehemu upya.

"Wewe nani?"

Chipu ikataja jina lake.

Fundi alipiga meza kwa furaha. Akaunganisha spika, akabonyeza.

"Meza dawa. Funga mlango ulale. Mimi nina ufunguo."

Sauti ilikuwa nzito, ya mtu wa makamo, wala si ya kijana aliyekuwa amemjenga kichwani, na ilikwama kidogo kabla ya neno la mwisho. Fundi alijikuta anafuta macho. Alimkumbuka mama yake mwenyewe, ambaye siku hizi hakuhitaji kuambiwa afunge mlango, kwa kuwa alishazikwa.

Kisha akafanya anachofanya kwa kila chipu ya kumbukumbu kabla ya kumrudishia mwenyewe. Akaipima. Mkono ulikwenda wenyewe, kwa mazoea. Kipimo huiandikia chipu maneno yasiyo na maana, huyasoma tena, na kuangalia kama yametoka yalivyoingia. Kwenye kioo cha kompyuta ikaja sawa, sawa, sawa. Alikuwa ameshashika bisibisi afunge kisanduku alipokumbuka kipimo kile huanza na nini.

Huanza kwa kufuta kila kitu.

Nakala hakuwa nayo. Nakala ndiyo kazi ya kwanza, hata wenzake huwahubiria hivyo, lakini furaha ilimsahaulisha. Alibonyeza kitufe, spika ikatoa mkwaruzo mwepesi tu. Akabonyeza tena na tena, huku akijua. Akakaa chini, karibu na ndoo ya takataka. Nimemuua mara ya pili, alijisemea, na safari hii hakuna barabara ya kusingizia.

Jua lilikuwa limeshageuka na mama angerudi wakati wowote. Fundi alifunga mlango, akasogeza kinasa sauti mdomoni, akaifanya sauti nzito. Mara ya kwanza sauti ilikatika. Iliyofuata akasikika kama mtangazaji wa redio. Mwisho akaacha kuiga, akafumba macho, akasema jinsi maneno yalivyomjia:

"Mama, meza dawa. Funga mlango ulale. Mimi nina ufunguo."

Mama alifika koti likiwa limefungwa vilevile. Hakuketi. Alibonyeza kitufe, akainamisha kichwa, akasikiliza hadi mwisho. Akabonyeza tena. Fundi alikuwa anakagua bisibisi kana kwamba ndiyo kwanza anaiona.

"Kinasema vizuri, mama?" aliuliza, na sauti yake akaisikia inamsaliti.

Mama alikichukua kisanduku, akakikumbatia kifuani, na kwa mkono uliobaki akamshika fundi bega.

"Vizuri sana, baba," alisema. "Yule fundi wa kwanza, alipomfuta mwanangu akajirekodi yeye mwenyewe, hakukumbuka kuniita mama."