Ukurasa wa Tatu

Kwenye daftari la wasomaji, faili lile lilikuwa limeombwa mara mbili tu. Wasomaji wote wawili walitia sahihi ya kulichukua. Ya kulirudisha, hakuna aliyetia.

"Walikwenda wapi hawa?" mtunzi wa riwaya aliuliza.

"Watu na haraka zao," alijibu mtunza nyaraka, mzee mpole aliyebakiza miezi michache astaafu. "Faili nililikuta mezani."

Mtunzi akacheka, akaketi. Loo, raha iliyoje! Riwaya zake saba za mapenzi alizichimbua kwenye vumbi hili hili. Ya nane ndiyo iliyokwama. Bibi harusi wa faili hili alitoweka miaka arobaini iliyopita, siku moja kabla ya ndoa, na mtunzi hakujua alitoroka na nani. Bila jibu hilo hakuna kitabu, na mchapishaji alishaanza kumnunia.

Ukurasa wa kwanza ulikuwa picha: msichana mwenye macho makali, mkono wa kushoto hauna kidole cha mwisho. Wa pili, barua ya karani kijana wa ofisi hii hii ya nyaraka, akimsihi watoroke. Wa tatu, ripoti ya daktari kuhusu kifo cha ghafla cha bwana harusi. Huo akaupita upesi, kama kawaida yake. Nani anataka maiti kwenye riwaya ya mapenzi?

Akarudia barua. Mwandiko ule! Alikuwa ameuona sasa hivi daftarini.

"Mzee! Karani huyu si wewe?"

Mzee akaacha kugonga muhuri. "Umefika mbali, mwanangu. Umelisoma lote?"

"Lote! Neno kwa neno!" mtunzi alijigamba.

"Nani anajua uko hapa?"

"Wee! Nikishika faili, hata mama yangu hanipati."

Mzee akavaa koti taratibu. "Basi twende nyumbani ukamsikie mwenyewe."

Nyumba haikuwa mbali. Mapazia yalikuwa yamefungwa. Bibi mwenye macho makali alimmiminia chai kwa mkono wa vidole vinne, na mtunzi nusura alie kwa furaha. Aliinywa yote huku akiuliza maswali. Vikombe vya wenyeji havikuguswa.

"Na ile ripoti ya daktari," bibi akasema, "utaiwekaje kitabuni?"

Mtunzi akaona haya. "Nikwambie ukweli, bibi? Ule ukurasa niliuruka. Mimi nasoma mapenzi tu."

Bibi akakitazama kikombe kitupu, kisha akamgeukia mumewe.

"Si ulisema amesoma lote?"