Mfuko wa Kukuzia

Mfuko haukuwapo. Tadea alisimama mlangoni mwa stoo, akitoka kwenye sala ya jumuiya ya Jumamosi, kanga ingali mabegani, akakodolea macho ukuta ulikokuwa umeegemea asubuhi: kilo hamsini za urea, mbolea ya kukuzia ngano yao ya eka moja. Palibaki alama ya kitu kilichoburuzwa hadi nje.

"Ameuza tena," alisema, ingawa hapakuwa na mtu wa kumsikia.

Mwaka jana mumewe, Othmar, aliuza mfuko kama huo na kuumalizia kilabuni. Ngano ikapauka, wakavuna madebe manne. Tangu hapo walisemeshana kwa lazima tu: chakula hiki hapa, funga mlango.

Jioni Othmar aliingia amelowa mvua, matope hadi magotini. Hakunuka pombe. Ametafuna majani ya mpera kuua harufu, Tadea akajisemea. Othmar alikula, akamtazama mkewe kama mwenye neno, kisha akaenda kulala mapema. Hata aibu hana! Tadea hakumuuliza. Kumuuliza kungekuwa kumpa nafasi ya kudanganya.

Na muda haukusubiri. Bwana shamba alishawaambia mkutanoni: ukuzie ngano inapotoa machipukizi, udongo ungali na unyevu, ukichelewa, umepoteza. Mfuko mmoja kwa eka, basi. Ikizidi, ngano inarefuka bila nguvu, halafu inaanguka na kulala chini. Machipukizi ya Tadea yalikuwa yameshatoka.

Jumatatu alfajiri alikwenda Kigonsera kwa kaka yake, Damiano.

"Shemeji ameuza tena?"

"Usinitajie jina lake, kaka."

Damiano alitoa mfuko wake mmoja, akaufunga mwenyewe kwenye pikipiki iliyomleta dada yake.

Siku iliyofuata Othmar aliteremka Ngumbo kwenye msiba. Tadea akaingia shambani peke yake. Alipita mstari kwa mstari, mgongo ukimwaka, akirusha kila konzi kana kwamba anamrushia mtu usoni. Hakumwambia mumewe. Angemwambia siku ya mavuno, mbele ya ndugu zake wote, akose pa kuficha uso.

Ngano ikapanda. Ikawa ya kijani kibichi mpaka ikakaribia weusi, ndefu kuliko za majirani. Othmar akaanza kwenda kuitazama kila asubuhi, akirudi anapiga mluzi.

"Ngano imekubali, mama Flavia," alisema siku moja, akitabasamu.

"Imekubali," Tadea alijibu, meno yameumana. Mtu ameuza mbolea, halafu anatabasamu!

Masuke yalipoanza kujaa, mvua ya upepo ilipiga alasiri moja. Ilipokatika walikwenda shambani, Tadea mbele, mume nyuma. Ngano yote ilikuwa chini, imelala kama iliyolaliwa na ng'ombe. Ng'ambo ya njia, ngano ya Avelina, jirani yao, ilisimama wima.

Miezi yote ya kunyamaza ilimpanda Tadea kooni: kilabu, stoo tupu, safari ya Kigonsera, mgongo wake. Akageuka ili ayatapike yote, na Avelina asikie, na kijiji kizima kisikie.

Othmar alikuwa amepiga magoti kwenye tope. Aliinua mabua kwa mikono miwili, akayaachia, yakaanguka. Akayainua tena. Machozi yalikuwa yakimtiririka hadi kidevuni.

"Sielewi, mama Flavia," alisema. "Jumamosi ile ukiwa jumuiya niliuleta mfuko wote huku, nikaumwaga mstari kwa mstari mpaka mvua ikanikuta. Nilitaka uone mwenyewe, nisiseme mimi. Na nilifuata alivyosema bwana shamba. Mfuko mmoja. Mmoja tu."