Kiapo cha Dirisha la Tatu

Bibi aliwapisha watu wanne waliokuwa nyuma yake, akisingizia miguu, mpaka dirisha la tatu likawa wazi. Ndipo akajikokota.

"Shikamoo, bibi," karani alisema bila kuinua macho.

Aliitikia. Sheria mpya ilikuwa imebandikwa ukutani kwa herufi kubwa: mzee mwenye mtoto aliyeajiriwa atalipiwa matibabu na mtoto wake. Yeye alikuwa na figo mbili zilizogoma, damu yake ikisafishwa kwa mashine mara mbili kwa wiki, na mwana mmoja mwenye ajira, ambaye mshahara wake usingetosha matibabu ya hata nusu mwezi. Wiki nzima mwanawe alimfundisha majibu, naye akayakariri kama mtoto wa shule. Akigundulika, kadi ya matibabu inafutwa, na bila kadi asingeuona mwezi ujao. Njia ya mwongo ni fupi, naam, lakini yake ilihitaji kufika dirishani tu.

Jina, umri, mtaa, yote alijibu sawasawa. Karani aliandika, jasho la kiganja likilowanisha fomu.

Kisha akaja mkaguzi, mama mmoja ambaye foleni nzima ilimwita Eksirei, maana, walisema, anakuona mpaka ulichokula jana. Alisimama nyuma ya karani, akausoma uso wa bibi.

"Huna mtoto kabisa?"

"Sikujaliwa."

"Hata mmoja?"

Bibi alitikisa kichwa.

"Basi apa. Weka mkono juu ya fomu, useme hukuzaa."

Hilo halikuwamo katika majibu aliyofundishwa. Sasa aliogopa kuliko alivyowahi kukiogopa kifo. Tangu utotoni alijua kwamba mzazi akimkana mwanawe kwa kiapo, balaa humwangukia mtoto. Alimtazama karani. Karani alitazama kalamu.

"Naapa," alisema, mkono juu ya fomu, "sikuzaa."

Eksirei alimgeukia karani. "Unamwamini huyu?"

"Namwamini," karani alijibu, akagonga mhuri mara mbili, kwa kuwa wa kwanza ulikosa karatasi.

Jioni karani alivua viatu mlangoni, akaenda moja kwa moja chumbani, akapiga magoti kando ya kitanda. Bibi alimshika kichwa kwa mikono miwili, akampapasa uso, shingo na mabega.

"Uko mzima, mwanangu?"