Makali Asiyoyasikia

Mwanatumu alikisugua kisu kwa jivu na ndimu mpaka kutu yote ikatoka, kisha akaufunga mpini kwa kamba mpya ya katani. Kilikuwa kisu cha babu yake, akakirithi baba yake, Mzee Kibwana, aliyechinja ng'ombe wa mji mzima kabla kisukari hakijamweka kitini miezi saba. Kesho mzee alitaka kurudi machinjioni.

Mwanatumu alilimwagia maji jiwe la kunolea, akanoa polepole, akampa baba yake apime. Mchinjaji hupima makali kwa kidole gumba, maana kisu butu humtesa mnyama, nayo ni dhambi. Mzee akapitisha kidole.

"Butu," akasema. "Wewe unanoa au unakuna nazi?"

"Haya, baba." Akanoa tena.

"Mwanangu, hiki hata ugali hakikati! Mumeo anakula nini huko kwenu?"

Mwanatumu akacheka, akanoa mara ya tatu mpaka jasho likamtoka. Safari hii mzee alikikandamiza kidole, akakivuta taratibu hadi nchani, uso ameuinua kama mtu anayesikiliza.

"Bado kabisa."

Hapo ndipo Mwanatumu alipoiona damu. Ilitiririka kiganjani, ikadondokea kanzu, na kidole kilikuwa kimepasuka mpaka nyama nyeupe ikaonekana. Baba yake alimtazama yeye kwa macho yake yenye ukungu, hajui lolote, wala hasikii maumivu.

"Lete jiwe, ninoe mwenyewe."

Mwanatumu akalikumbatia jiwe lililolowa. Mkono wenye damu ulinyooshwa mbele yake, ukingoja.