Taa Zilizotazama Nyuma

Taa zote mbili Fundi Chirau alizifunga kinyume. Badala ya kuziweka mbele, kwenye usukani, alizikaza juu ya keria, nyuma ya kiti, zikatazama kule pikipiki inakotoka.

Kaingu, dereva wa lori, alimwuliza kama amechanganyikiwa. Fundi aliendelea kukaza. Mtu anayefiwa na mwanawe taratibu hana nafasi ya maswali.

Ndani ya lori, juu ya magunia matupu, alilala Mishi, binti yake wa pekee, siku ya pili ya uchungu. Alfajiri mkunga alinawa mikono akasema mtoto amekaa vibaya, jambo hilo limemshinda. Wampeleke hospitali ya Msambweni, na wawahi. Lori lilikuwepo, na dereva alikuwa na moyo mwema. Kilichokosekana ni njia. Ukungu wa Julai ulikuwa umeukalia mlima wa Kwale, mzito kama uji, watu wakawa wanajuana kwa sauti tu. Kaingu, mgeni aliyefika jana jioni na shehena ya saruji, alikwisha kujaribu kuteremka. Taa za lori zilimrudishia weupe machoni, gurudumu likaning'inia ukingoni, akarudi kinyumenyume.

"Siendi, mzee wangu," alisema. "Nitawaua nyote. Tungoje jua."

"Jua huku juu hutoka saa nne," Fundi alisema. "Saa nne mwanangu atakuwa hayupo."

Ndipo alipoitoa pikipiki. Ilikuwa kubwa, ya safari ndefu, aliyoachiwa na mpima ardhi mmoja wa Kizungu alipohama, pamoja na taa mbili za ukungu ambazo hazikuwahi kutoka kwenye boksi. Mpima alimwambia vioo vyake ni vya manjano, na kwamba manjano huonekana mahali ambapo nyeupe hupotea. Miaka sita boksi lile lilikaa juu ya rafu.

Alifanya kazi amepiga magoti kwenye jamvi, vyombo vimepangwa safu kama desturi yake: spana ndogo kushoto, kubwa kulia, bisibisi katikati. Kwale nzima inajua kwamba anayesogeza spana ya Fundi Chirau ameutafuta ugomvi. Lakini asubuhi hiyo vidole vyake vyenyewe vilimsaliti. Nati ya mwisho ilimponyoka. Akapapasa majani, akapapasa mchanga, na kutoka kwenye lori Mishi akatoa mlio ambao haukufanana na sauti ya mtu. Fundi akalia. Alilia bila haya mbele ya mgeni, huku mikono ikiendelea kupapasa.

"Iko mguuni pako, baba Mishi," alisema mkewe, Mwanapili. Aliinama na kandili, akaiokota, akamtia kiganjani.

Waya zikaungwa kwenye betri. Fundi aliuliza kama zimewaka, na Mwanapili akasema zimewaka, zote mbili.

"Njia usiiangalie kabisa," Fundi alimwambia Kaingu. "Angalia taa hizi tu. Zikienda kushoto, nawe kushoto. Zikisimama, simama."

Yeye angetangulia kwa miguu, akiisukuma pikipiki. Kaingu akataka kujua kwa nini asiipande. Fundi alisema ameacha kuipanda, kisha akavua viatu akampa mkewe. Kaingu akauliza kama hiyo ni nadhiri.

"Iwe nadhiri," Fundi alisema. "Twende."

Barabara ile alibeba kokoto zake ilipojengwa, akiwa kijana, na kila Ijumaa aliiteremka kwa miguu kwenda Matuga kwa dada yake. Changarawe chini ya nyayo, hapo ni katikati. Majani yenye umande, ukingo huo, rudi. Maji yakisikika upande wa kulia, kona imekaribia. Nyuma yake lori lilinguruma, na ndani ya mngurumo ilikuja sauti ya Mishi, kisha ikaacha kuja. Kimya kile kilimkata maini. Alitamani kukimbia, akajizuia, kwa kuwa akikimbia nyayo zingemdanganya. Alihesabu kona huku akimwomba Mungu. Katikati ya dua hesabu ikampotea, akamlaumu Mungu, kisha akamtaka radhi. Pikipiki ilimlemea kwenye mteremko, viganja vikachubuka kwa kuibana breki.

Hatimaye ardhi ikalala. Mishi akalia tena, chinichini, na Fundi akashukuru kusikia kilio cha mwanawe. Akazidi kusukuma, hatua kwa hatua, akizisikiliza nyayo zake.

Honi ikalia. Akasimama. Lori likaja mpaka ubavuni pake.

"Yu hai," Mwanapili aliita kutoka nyuma. "Yu hai, lakini tuwahi."

Kaingu alitoa kichwa dirishani. Sauti yake ilikuwa ya heshima, ila subira ilikuwa imemwishia. "Fundi, umetuokoa, Mungu akulipe. Lakini sasa nipishe. Tangu pale kwenye mwembe nangoja ukae kando, nawe unajikokota tu katikati ya barabara."

"Nitakupishaje na ukungu huu?" Fundi aliuliza.

Kaingu alikaribia kucheka. Jua lilikuwa limekwisha kuipita minazi ya Matuga, kali, na mbinguni hapakuwa na hata wingu. Akamtazama Fundi usoni kwa mara ya kwanza: macho yote mawili meupe pe, yamelikabili jua, hayapepesi.