Meno Mawili ya Chini

Gari aina ya Noah lilikuwa limeshashika lami kutoka Issuna, Stumai alipolikimbilia, mkono mmoja umebeba chupa ya uji, mwingine bomba la kalamu lililotolewa wino. Simoni, dereva, akamwona kwenye kioo, akasimama.

"Shikamoo, bibi. Uji wa nani, na mgonjwa hafungui mdomo?"

"Marahaba. Wewe endesha, mjukuu wangu. Mdomo niachie mimi."

Akapanda nyuma, akakipakata kichwa cha mdogo wake, Eliana. Taya za Eliana zilikuwa zimebana tangu jana asubuhi. Alichoweza ni kutazama, na kunyoosha kidole. Alikinyoosha tena sasa, kuelekea miguuni.

"Baridi hiyo," akasema Aneth, binti wa Eliana, mwalimu. Akampandisha soksi za sufu hadi karibu na magoti. Kiatu cha kushoto kilikuwa kimegoma kuingia wakati wa kuondoka, wakakiacha mlangoni.

Aneth aliona kosa ni lake. Mwaka jana, kabla ya harusi yake, alimpeleka mama yake Dodoma kwa Daktari Chediel, akapandikiziwa meno mawili ya mbele, ya chini, yaliyofungwa kwa skrubu ndani ya mfupa wa taya. Hapo palikuwa na pengo tangu utoto. Eliana na Stumai waling'olewa siku moja, kama wasichana wengi wa rika lao. Rangi ya meno mapya Aneth aliichagua mwenyewe, kahawia kidogo, yafanane na mengine yaliyobadilishwa rangi na maji ya kwao.

"Mama alikuwa anaziba mdomo kwa kanga akicheka," akasema. "Nilitaka acheke tu."

"Hakuwahi kuziba. Wewe ndiye ulikuwa unaona haya."

"Mama mkubwa, siyo leo."

"Pengo lingekuwepo, huu uji ungepita. Ndiyo maana tuling'olewa."

"Mling'olewa kwa urembo."

"Nani kakwambia? Mimi nilikuwepo. Urembo gani wa kuchokonolewa na ncha ya kisu."

Aneth akatoa karatasi aliyopewa na daktari, yenye dalili za hatari: fizi kuvimba, usaha, harufu mbaya, jino kucheza. Akapitisha kidole ndani ya mdomo wa chini wa mama yake. Fizi haikuvimba. Akasukuma jino la kwanza, akasukuma la pili. Yalikaa kama mawe. Akanusa kidole.

"Sumu imejificha ndani," akasema. "Huko kwenye skrubu."

Akampigia daktari. Simu ikakatika mara mbili, ya tatu ikashika. Daktari akauliza yaleyale ya kwenye karatasi, akajibiwa hapana, hapana, hapana.

"Basi, dada, mpelekeni hospitali iliyo karibu, sasa hivi. Msinisubiri mimi."

Aneth akaishusha simu. "Anatukwepa. Ameharibu, sasa anatusukumia kwa wengine."

Walipofika Manyoni Simoni akapunguza mwendo. "Mwalimu, hospitali hiyo hapo."

"Hapo watang'oa tu. Aliyeweka ndiye anajua kutoa. Twende Dodoma."

Mbele kulikuwa na ng'ombe barabarani. Simoni akapiga honi. Eliana akakakamaa mwili mzima, mgongo ukainuka kitini, meno yakasagana hadi wote wakasikia. Hali hiyo ilipopita, jasho lilikuwa linamtiririka. Akanyoosha kidole miguuni, mara mbili. Stumai akamkanda vidole juu ya soksi.

Kisha akajaribu uji. Ukafika kwenye meno, ukarudi, ukamwagikia shingoni.

"Tangu jana hata tone," akasema Stumai. "Dodoma hatufiki na mtu hai, mwanangu. Nakwambia ukweli."

Aneth akayatazama yale meno.

"Simoni, una plaizi?"

"Mwalimu..."

"Unayo au huna?"

Wakasimama kando ya barabara. Stumai akashika kichwa. Jino la kwanza lilichukua muda. Eliana hakupiga kelele, hakuwa na pa kuzipitishia. Kofia ya jino ikavunjika, ikabaki ncha ya chuma inang'aa. La pili likafuata. Aneth akachungulia akitafuta usaha. Ilikuwa damu tu, nyekundu, safi.

Stumai akaingiza bomba la kalamu juu ya zile ncha. Akajaza uji kinywani mwake, akaupuliza taratibu. Koo la Eliana likapanda, likashuka.

"Umepita," akasema.

Aneth akakaa chini kwenye changarawe, plaizi bado mkononi, akalia. "Sumu imetoka, mama. Imeshatoka."

Eliana akanyoosha kidole.

Simoni aliosha viti vya gari Dodoma, akarudi Singida na abiria wengine. Stumai yuko Issuna. Lile bomba la kalamu amelichomeka kwenye paa la jiko. Aneth ameacha kufundisha, na meno mawili yamo kwenye kibweta chake pamoja na picha za harusi. Daktari Chediel alimpiga Eliana picha ya taya, akaandika kwamba skrubu zote mbili zilikuwa zimeshika mfupa vizuri kuliko nyingi alizowahi kuweka. Eliana alikufa wodini siku ya sita, kwa pepopunda. Ncha ya mwiba ilikutwa kwenye kisigino cha kushoto, muuguzi alipomvua soksi.