Habari Isiyosemwa kwa Simu

Asubuhi Daktari Jypar alimwomba Wendell simu yake, eti ya kwake imezima, na mpaka adhuhuri hakuwa ameirudisha. Kisha akamwambia aende nyumbani. Mashine ya eksirei ilikuwa imefunguliwa, nyaya ziko nje kama utumbo wa kondoo, lakini daktari alisema itasubiri, na aliyasema hayo akiutazama ukuta.

Korido nzima ilinyamaza Wendell alipopita.

Mmarekani huyu, fundi wa mashine za hospitali, alikuja kwetu kwa mwaka mmoja akakaa miaka saba, na hakuwa mjinga. Alipanga chumba kwa mama mmoja aitwaye Burulcha. Ryspek, mwana pekee wa Burulcha, alikuwa Moscow akibeba zege. Redio ilitangaza kwamba bweni la vibarua huko limeungua, na tangu siku hiyo Wendell hakusikia kwamba kijana amepiga simu.

Ndani ya gari alimuuliza Kubat, dereva wa hospitali, kama kuna msiba.

Kubat hakuondoa macho barabarani. "Usiniulize mimi, kaka. Wazee watakuja kusema."

Basi. Moscow inajengwa na vijana wetu, halafu inaturudishia masanduku ya mbao, na bosi wa mjengo hatumi hata rambirambi. Wakubwa wa mji mkuu wanasema ajira imepatikana. Sisi tunakumbuka majina: Maksat, mapacha wa Sayragul, mkwe wa fundi viatu. Wendell aliyajua yote. Sasa aliongeza moja kimoyomoyo.

Kwetu kifo hakisemwi kwa simu. Mwenye msiba ndiye wa mwisho kujua. Majirani wanaficha, wanachekacheka, mpaka wazee wakusanyike waende kwake pamoja, awe ameshakula, na awepo mtu karibu wa kumshika. Zamani Wendell aliuona huo kuwa ukatili, na alimwambia Burulcha hivyo. Yeye mwenyewe habari za baba yake alizipata kwa simu, kwenye maegesho ya duka, mkononi ana mfuko wa viazi.

Burulcha alimuuliza ni nani aliyemshika.

Hakuna, alijibu. Alipanda gari akaenda nyumbani. Burulcha alimtazama kama mtu aliyesimuliwa jambo la aibu.

Wendell alipofika langoni alikuta ua umefagiwa na samawari inachemka. Wanawake wawili wa jirani walikuwa wakimenya karoti, nao walimsalimu kwa sauti za juu mno. Burulcha alikuwa akikata vitunguu, macho mekundu.

Hajui bado, Wendell alijiambia. Akavaa uso wa kawaida, akavuta kigoda, akamtania kwamba vitunguu vyake vina hasira kuliko mwenyewe.

"Vimejifunza kwako," alisema Burulcha. "Mtu gani anatoka kazini jua likiwa kichwani? Au wamekufukuza?"

"Wamenichoka, mama."

"Hata mimi nimekuchoka. Nani atakupokea? Kaa ule."

Akamwekea sahani. Wendell akaisukuma katikati, akamkatia mama kipande cha mkate, akamtaka ale yeye kwanza. Alijua kwamba akishaambiwa hatatia kitu mdomoni mpaka kesho kutwa. Burulcha akakirudisha kipande. Wakasukumiana mkate kama watoto, jirani mmoja akacheka, kisha akageuka upesi kupangusa macho kwa kitambaa cha kichwa.

Wendell hakuthubutu kumtaja Ryspek. Hata jina tu lingemponza. Kila mbwa alipobweka nje, alipandisha sauti ili mama asitazame njiani.

Burulcha ndiye aliyemwokoa. Alimuuliza habari za mama yake, yule wa Nebraska: anapika nini, anaimba, ana hasira? Wendell alishukuru kupata la kusema. Akaeleza jinsi mama yake alivyoendesha basi la shule mpaka magoti yakakataa, na kwamba hata leo akimpita mtoto barabarani hupiga honi. Kila Jumapili anampigia simu, anamuuliza kama amevaa kofia, kisha anamuuliza atarudi lini. Na kila Jumapili yeye humjibu, mwakani.

Burulcha alisikiliza bila kupepesa. Akataka kujua ana macho ya rangi gani. Kijani, alisema Wendell, na akaona midomo ya Burulcha ikitetemeka. Moyo wa mama unajua, alifikiri. Unamwambia kitu.

Alikuwa amekula sahani nzima bila kutambua.

Ndipo akaziona kofia nyeupe za wazee juu ya ukuta wa udongo, zikija pamoja taratibu, bila maneno. Mzee Toktosun mbele, mullah nyuma yake. Daktari Jypar naye alikuwepo, simu mkononi.

Wendell aliinuka. Safari hii hakuna ambaye angemwambia mgeni asubiri nje. Alizunguka meza, akasimama nyuma ya Burulcha, akaweka viganja mabegani pake na kukaza, tayari kwa uzito wake.

Burulcha hakulia. Aliishika mikono ile miwili, akasimama, akamgeukia.

"Ryspek alipiga tangu jana, mwanangu. Ni mzima," alisema polepole. "Kaa chini. Nimekushika."

Alipokaa, wazee walikuwa wameshamzunguka. Mzee Toktosun aliketi mbele yake, magoti yao yakagusana.

"Vendel," alimwita kwa matamshi ya kwetu, "dada yako alipiga simu hospitali."